Kukata Meza ya Bibi Tusa Nusu kwa Nusu

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, saa tatu na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu redio ya Fundi Tuntufye, jirani yetu wa karakana, ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza matangazo ya vifo, na ule muziki wa huzuni ulikuwa haujaisha vizuri. Baridi ilikuwa ile ya Mbeya ya mwezi wa sita inayokufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono yote miwili hata kama hutaki chai. Mkokoteni ukaingia getini ukiwa na meza kubwa imelazwa chali, miguu juu, na nyuma yake wanawake watatu wanatembea polepole bila kuongea, kama wanasindikiza marehemu.

Wadogo zangu mtakaoshika reli baada yangu, nawaandikia ninyi. Mwezi ujao naenda kidato cha tano, shule ya bweni, mbali. Kwa hiyo hapa karakanani kwa Shangazi Rukia mimi ni mstaafu. Msicheke. Nimeshika reli tangu nilipomaliza darasa la saba, kila likizo na kila Jumamosi, na mtu anayeacha kazi ana haki ya kusema aliyoyaona. Nasema kwa kalamu kwa sababu kwa mdomo mnanijua. Kila ripoti yangu ya shule imeandikwa "Nasra ajitahidi kuzungumza." Walimu tofauti, maneno yale yale.

Kabla sijarudi kwenye meza ya wale wanawake, ngoja niseme reli ni kitu gani, maana kuna watu wanadhani tunaongelea treni.

Msumeno wa duara ni mashine yenye nguvu na haina akili. Ukiuachia mkono wako uuongoze, utaenda unakotaka wenyewe, na mstari wako wa penseli utabaki kama ushauri tu. Ndiyo maana kuna reli. Ya kwetu ni kipande kirefu cha plaiwudi nyembamba, na juu yake kumefungwa fito moja iliyonyooka. Ubavu wa mashine unatembea umeegemea ile fito. Siku reli inapotengenezwa, plaiwudi inaachwa pana kuliko inavyotakiwa, halafu mashine inapitishwa mara ya kwanza na kukata kilichozidi. Kuanzia hapo ukingo wa reli ndipo hasa jino linapopita. Hukisii tena. Unaweka ukingo kwenye mstari, unabana klampu mbili, unakata. Ni rahisi hivyo, na nilikaa mwaka mzima kabla sijaielewa.

Shangazi Rukia hakuzaliwa na reli. Alifundishwa na babu yetu, ambaye alikuja huku nyanda za juu kutoka pwani akiwa na patasi zake kwenye mkeka, na yeye alimfundisha kwa msumeno wa mkono. Shangazi anasema babu alikuwa akimwambia apige chafya katikati ya kukata. Ukipiga chafya na msumeno ukabaki kwenye mstari, umeiva. Mimi nimemwona Shangazi akikata ubao wa paini kwa mkono siku umeme umekatika, anaongea na mteja, anacheka, haangalii hata mstari, na mwisho nikaweka skwea ya kupimia pembe pale, nikatafuta mwanga upenye katikati. Haukupenya. Mtu wa namna hiyo hahitaji reli. Lakini ndiye aliyeitengeneza, na ndiye aliyekataa mtu yeyote kukata bila hiyo, yeye mwenyewe akiwemo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Asubuhi mimi ni fundi. Saa tisa mchana nimechoka, mimi ni mtu tu. Reli inakata sawa asubuhi na saa tisa."

Tulienda naye Iringa mara moja kutafuta bledi yenye meno madogo, maana za soko letu la Mwanjelwa siku hizo zilikuwa za kupasulia magogo. Dukani kule, mwenye duka akatuonyesha reli ya aluminiamu, inang'aa kama sufuria ya harusi. Shangazi akaipapasa, akaigeuza, akaangalia chini yake, akakuta ina mpira mwembamba wa kuizuia isiteleze. Akanong'ona, "Kumbe na wao wanatumia reli yangu." Hatukuinunua. Tuliporudi alikata tyubu ya baiskeli, akaibandika chini ya reli yetu, na tangu hapo haikuteleza tena. Mkiona ule mpira mweusi mjue umetoka wapi.

Makosa yangu nitawatajia mawili, mengine mtayagundua wenyewe.

La kwanza, waya. Nilikuwa nakata mlango wa kabati, nimebana vizuri, nimesimama vizuri, naenda. Katikati ya safari waya wa mashine ukanasa kwenye ncha ya reli nyuma yangu. Mashine ikavutwa, ikaruka, ikachora kwenye ule mlango kitu kama mlima Rungwe. Mlango ule ukawa rafu tatu za vitabu. Toka siku hiyo waya unapita begani kwangu. Mkimwona mtu anakata na waya umelala chini, msimpigie kelele, msogeleeni mkamshikie.

La pili, upande. Msumeno haupasui mbao kama kisu kinavyopasua mkate. Unakula. Jino lina unene wake, na ule unene unageuka unga. Nilipima rafu sawasawa, nikaweka reli upande usio wake, msumeno ukala ndani ya rafu badala ya kula kwenye kipande cha kutupa. Shangazi hakunigombeza. Aliniambia tu nikaipachike mahali pake. Nikaipachika. Ikapita moja kwa moja ikaanguka chini, paa. Akasema, "Mlishe msumeno upande wa kutupa." Ndiyo maana mtaniona kila mara nachora msalaba kwenye upande unaotupwa kabla sijagusa mashine.

Sasa meza ile haikuwa na upande wa kutupa.

Mwenye meza alikuwa Bibi Tusajigwe, watu wanamwita Bibi Tusa. Miaka mingi aliuza chapati na maharage, na kazi yote ameifanya juu ya meza hiyo ya mkangazi, ubao mnene, mpana, wa zamani. Sasa magoti yamekataa, ameacha biashara. Wale wawili waliokuwa naye ni binti zake. Mkubwa ni Mama Upendo, ameolewa Igowole huko Mufindi na ana mgahawa wake kule. Mdogo ni Dada Sekela, ana mgahawa hapa Mwanjelwa, karibu na sisi. Kila mmoja anataka meza. Hawajasemeshana tangu Pasaka.

Shangazi akawapokea, "Karibuni, karibuni. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," Bibi Tusa akasema. Akaketi juu ya rundo la mbao bila kusubiri kiti. "Nimekuletea mgonjwa. Mkate katikati."

Shangazi akadhani amesikia vibaya. "Tumkate miguu iwe mifupi?"

"Katikati. Huyu achukue nusu, na huyu achukue nusu. Mimi nimechoka. Huyu ananipigia simu asubuhi, huyu ananipigia jioni. Nikifa watagombania jeneza. Bora wagombane nikiwa hai nione."

Fundi Tuntufye alishasogea, maana yeye pakiwa na maneno lazima asogee. Akasema, "Eeh, hii ni ya Sulemani na mtoto! Sasa mmoja wenu aseme basi mpe mwenzangu, tumjue mama wa kweli."

Akangoja. Dada Sekela akaangalia geti. Mama Upendo akaangalia viatu vyake.

"Hamna aliyesema," Bibi Tusa akasema. "Kateni."

Nawaambia ukweli, nilicheka moyoni halafu nikaona aibu, kwa sababu niliona mkono wa Bibi Tusa. Ulikuwa umeshika pembe ya meza vile mtu anavyoshika bega la mtoto wake mbele za watu.

Shangazi akafungua skrubu, akautoa ubao wa juu kwenye fremu yake. Katikati yake, pale Bibi Tusa aliposimama miaka yote akisukuma chapati, palikuwa na bonde. Halionekani vizuri kwa macho. Ukipitisha kiganja unashuka kidogo, halafu unapanda. Mama Upendo alilipapasa. Dada Sekela naye akalipapasa alipoondoka mwenzake. Nikaelewa kwamba hapa hakuna anayetaka nusu kubwa. Kila mmoja anataka nusu ya lile bonde, na asizidiwe hata unywele.

Shangazi akachukua penseli. Mama Upendo akasema, "Samahani mama. Nani anakata?"

"Mimi."

"Wewe unakula chapati za Sekela kila asubuhi."

"Nazilipia," Shangazi akasema.

"Hata kama. Mimi nimetoka Igowole na basi la alfajiri, sijaja kukatiwa na shoga yake."

Dada Sekela akafungua mdomo kwa mara ya kwanza, lakini akimwambia mama yake, si dada yake. "Mwambie basi alete fundi wa Igowole."

"Gwe Sekela!" Bibi Tusa akamkemea.

Tuntufye akajitolea. "Mimi je? Mimi nakula kwangu."

"Wewe unaongea sana," Mama Upendo akasema, na hapo watu wote wakacheka isipokuwa yeye. Halafu akanyoosha kidole. Kidole kikanifuata mimi, nilikuwa nimejificha nyuma ya plaiwudi zilizosimamishwa. "Huyu hapa. Tangu tumeingia hajasema neno. Hana upande. Huyu akate."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ni saruji. Shangazi aliniangalia. Hakusema "unaweza" wala "usiogope." Alinipa penseli.

Kwanza kutafuta katikati. Mimi nikachukua futi, Shangazi akausukuma mkono wangu chini, akanipa kamba. Hiyo ndiyo akili ninayomsifia. Ukipima kwa futi, watu watabishana na namba, huyu ataona sitini na moja, huyu ataona sitini na moja na kidogo. Kamba unaivuta toka ncha hadi ncha ya meza, unaikunja nusu kwa nusu, unaweka alama. Dada Sekela akashika ncha moja, Mama Upendo ncha nyingine. Ilibidi wavute kwa pamoja, la sivyo kamba inalegea. Tukafanya upande mmoja, tukafanya na wa pili. Nikaunganisha alama kwa ncha ya kisu, maana mstari wa penseli una unene, wa kisu hauna.

Tulikuwa tumegeuza meza uso chini. Mama Upendo akauliza kwa nini. Nikamjibu kwa sauti ya panya, "Meno yanaingia kutokea chini, yanatokea juu. Upande wa juu ndio unaochanika."

"Sijasikia."

Nikarudia. Halafu kwa sababu nilishaanza, nikamalizia: "Na reli inabana nyuzi za mbao upande inapolalia. Kama uso ungekuwa juu, nusu iliyo chini ya reli ingetoka safi, nyingine ingechanika."

Akainama, akauangalia ubao. "Kumbe kuna na hilo! Haya, iacheni hivyo hivyo."

Chini tulipanga mbao nne, mbili kila upande wa mstari, ili ukishakata nusu zote mbili zibaki zimelala. Msisahau hii. Ukiweka mbao kwenye ncha tu, ubao unabonyea katikati, unaubana msumeno, na mashine inakurukia. Nikashusha bledi mpaka jino moja litokeze chini ya unene wa mkangazi, si zaidi.

Nikaenda kuchukua reli. Ilikuwa imeegemea ukuta wa Tuntufye. Yeye aliiazima Ijumaa jioni, mafundi wa mtaa wetu tunaazimana kila kitu, hata penseli ya sikioni. Nikaiweka kando kidogo ya mstari, nikabana klampu. Watu wamesogea. Mwenye mkokoteni kasogea, mama wa nyanya wa ng'ambo ya barabara kasogea. Tuntufye anasema, "Kata haraka, umeme wa leo siuamini." Dada Sekela kafumba macho. Mashine mkononi, waya begani.

Nikaona ukingo wa reli ni mweupe.

Reli yetu ukingo wake ni wa kahawia, karibu mweusi, kwa ajili ya miaka ya viganja na moshi wa jino. Huu ulikuwa mweupe kama mbao ya jana. Maana yake kuna mashine nyingine imepita na kuula. Tuntufye ana mashine mpya, na ya kwake kutoka ubavuni mpaka kwenye jino ni nyembamba kuliko ya kwetu. Ameitumia reli, imenyolewa, na yeye hata hajui, kwake ilikata vizuri tu. Kama ningekata, msumeno wetu ungepita nje ya ukingo, upande mmoja. Unene wa sarafu mbili labda. Nusu moja ya meza ingekuwa ndogo na bonde lingeegemea kwa mtu mmoja.

Wadogo zangu, kujua ilikuwa rahisi. Kusema sasa. Watu kama kumi na tano wananitazama, na wanachongoja ni sauti ya mashine, si sauti yangu. Niliwaza, nikisema nitamwaibisha Fundi Tuntufye, mtu mzima, anayenipa ndizi kila siku. Niliwaza nisogeze reli kidogo kimyakimya kwa kukisia, nani atajua? Nikamwona Bibi Tusa ameshika goti lake. Nikaweka mashine chini.

"Sikati."

"Anasemaje?" Mama Upendo akauliza.

"Sikati. Reli siyo yenyewe. Imenyolewa."

Mwenye mkokoteni akaacha kutafuna. Shangazi akaja, akapitisha kidole ukingoni, akageuka. "Tuntufye."

"Naam dada."

"Uliipitisha mashine yako?"

"Si uliniazima?" Halafu naye akainama, akaangalia, akajishika kichwa. "Aah. Aah, jamani. Mimi niliona tu vumbi linatoka, nikadhani ni la mbao yangu!"

Shangazi akaifungua kwenye klampu, akampa mikononi. "Umeikata saizi yako. Iwe yako. Na utailipia kwa kunipa plaiwudi nyingine sasa hivi."

Akaenda mbio. Tukatengeneza reli mpya pale pale, mbele yao. Gundi ingechukua muda kukauka, kwa hiyo tukafunga kwa skrubu. Shangazi alichagua fito kwa kuiweka jichoni kama anayelenga ndege, akatupa ya kwanza, akatupa ya pili, ya tatu akaibusu. Wanawake wale ikabidi wasubiri kwenye rundo moja la mbao, maana hatuna viti. Mama wa nyanya akaleta chai ya tangawizi. Vikombe vilikuwa viwili, watu watatu. Mama Upendo alikunywa, akabakiza, akasukuma kikombe kwenye ubao bila kumwangalia mtu. Kikakaa. Baadaye nilipoangalia tena kilikuwa tupu, na Dada Sekela anajifuta mdomo.

Nikapitisha mashine kwenye reli mpya, ukingo uliozidi ukadondoka. Nikajaribu na kwenye kipande kingine cha mbao, nikaishia katikati bila kukimaliza.

"Swali," Mama Upendo akasema. Sasa alikuwa amesimama karibu nami kabisa. "Hiyo mashine inatoa unga. Huo unga unatoka kwa nani?"

Nilikuwa namngojea. "Kwenu wote. Nusu huku, nusu huko."

"Utajuaje?"

Nikachana boksi la viatu, nikatia vipande vya boksi kwenye njia ya msumeno ile ya majaribio. Viwili vikajaa, havichezi. "Viwili ndiyo unene wa jino. Kimoja ndiyo nusu." Nikaweka ukingo wa reli mbali na mstari kwa unene wa kipande kimoja, ncha hii na ncha ile. "Jino litapita juu ya mstari wenyewe. Mstari utaliwa wote, na nyinyi mtapoteza sawasawa."

Nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia mtu nisiyemjua. Mama Upendo akampigia mdogo wake jicho, la kwanza tangu Pasaka. "Haka katoto," akasema. Dada Sekela akajibu, "Si ulikachagua wewe."

Nikawasha. Iacheni mashine ifikie mwendo wake kabla haijagusa mbao, mtasikia sauti inatulia. Nikaingia. Msisukume, mkiisukuma inalia, mkichelewa inaunguza, kuna mwendo mmoja katikati ambao mkono unaujua kabla ya kichwa. Harufu ya mkangazi ikatoka, na chini yake nyingine ya mafuta, ya unga, sijui, harufu ya chapati ya zamani sana. Bibi Tusa naye ameisikia, niliona kwa pembe ya jicho akiinua uso. Sikusimama. Nikatoka ng'ambo, nikaacha mashine inyamaze yenyewe ndiyo nikainua.

Nusu zote mbili zilikuwa zimelala. Hakuna iliyoanguka.

Shangazi na Tuntufye wakainua moja wakailaza juu ya nyingine, uso kwa uso. Mama Upendo akapitisha kucha kwenye ukingo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, taratibu. Dada Sekela akapitisha yake upande wa pili. Kucha hazikunasa popote. Shangazi akanisogelea. Alichukua ile penseli, akaichomeka nyuma ya sikio langu, na mimi niliyebeba ripoti zote zile za shule sijawahi kupewa alama kama hiyo.

Bibi Tusa akainuka, akaomba ufagio mdogo. Akafagia unga mwekundu uliolala kwenye mstari, akaukusanya kwenye pindo la khanga, akafunga fundo.

"Mama, wa nini huo?" Mama Upendo akamuuliza.

"Huu haukuwa wa kwako wala wa mwenzako. Huu ni wangu." Akaangalia fundo lake. "Nina kuku wawili wanalalia, nitawatandikia. Ndaga fijo, asante sana, fundi mdogo."

Fremu nayo tukaigawa, ikabaki miguu, maana kila nusu sasa ilikuwa na miguu miwili tu na ilihitaji mingine miwili. Tulichonga siku nzima, na Mama Upendo akakosa gari la Igowole. Akasema atalala kwa mama yake.

Kesho yake asubuhi, Jumapili, nilibeba bisibisi, skrubu na ile miguu minne mipya nikaenda Mwanjelwa kwenye mgahawa wa Dada Sekela, kwa sababu nusu zote mbili zilipelekwa huko. Nikamkuta Mama Upendo yuko pale na shali, na chapati mkononi, anazunguka nusu ya mdogo wake. Anapapasa ukingo wa ile, anarudi anapapasa wa kwake.

"Mwanangu," akaniambia, "mbona wa kwake naona kama umenyooka zaidi?"

Dada Sekela akaacha mwiko kwenye kikaango akanigeukia. Zamani ningeangalia chini. Nikaweka miguu ya meza sakafuni.

"Shikamoo mama. Ni mkato mmoja huo. Mimi sikukata mara mbili. Ukingo wako na wa kwake ni kitu kimoja, kama umepinda kwako umepinda na kwake."

Akakaa anatafuna. Akatafuna mpaka akamaliza.

"Sekela," akasema, "mpe huyu chapati. Ya moto, siyo hizo za pembeni."

Nikapiga magoti, nikaanza kufunga miguu, na niliianza nusu iliyokuwa karibu zaidi na mlango bila kuuliza ni ya nani.